SAA NANE IPI? TUULIZANE KABLA YA KULAUMIANA

Maneno ya mhudumu wa afya mmoja, mkimbizi kutoka Kongo, mbele ya wahudumu wenzake katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma.



Nimeombwa niseme machache juu ya kufanya kazi pamoja sisi tuliotoka nchi mbalimbali. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili yetu Wakongo. Mwaka 2015 walikuja ndugu zetu Warundi kwa wingi. Wenyeji wetu ni Watanzania. Kiswahili kinatuunganisha, lakini kusema lugha moja si kuelewana kila mara. Sikilizeni yaliyonipata.

Siku moja msimamizi wetu, Mtanzania, aliniambia: "Mama, waambie akina mama wa mtaa wako walete watoto kesho saa nane, tuwapime uzito." Nikazunguka nyumba kwa nyumba. Kesho yake asubuhi walifika na watoto mgongoni. Tukangoja. Watoto wakalia, msimamizi haonekani. Jua lilipofika utosini akina mama wakarudi kupika, huku wakiniita mwongo.

Baadaye mchana msimamizi alikuja na mizani yake, asikute mtu. Akanisema mbele ya wenzangu kwamba sikutangaza, na kwamba jina langu litafutwa kwenye orodha ya wahudumu. Mimi moyoni nikasema: huyu ananidharau kwa sababu ni mkimbizi. Siku tatu hatukusalimiana.

Aliyetupatanisha ni mhudumu mwenzetu, mama wa Kirundi. Alitukalisha, akavua saa yake ya mkononi, akamwambia kila mmoja aonyeshe saa nane ilipo. Mimi nikaweka kidole kwenye namba 8. Msimamizi akaweka kwenye namba 2. Tukatazamana, tukacheka, kisha tukanyamaza.

Wengi wetu kutoka Kongo tunahesabu saa kuanzia usiku wa manane, kama katika Kifaransa. Watanzania na Warundi wanahesabu kuanzia mapambazuko. Saa nane yangu ya asubuhi ni saa mbili yao. Hakuna aliyesema uongo. Lakini watoto wa mtaa wetu walipimwa wiki moja baadaye, na mmoja alikutwa amekonda sana. Wiki nzima alikosa chakula cha lishe kwa sababu ya neno moja.

Mambo ya namna hii ni mengi. Kijana wa Kikongo akimwambia mzee wa Kitanzania "Jambo", hamtukani. Hakuzoea kusema "Shikamoo". Kijana wa Kirundi akiinamisha macho anaposahihishwa na mkubwa wake, si kwamba anaficha kosa. Huenda ndivyo alivyofundishwa heshima kwao.

Basi nawaomba haya:

1. Ukitaja saa, taja na wakati: asubuhi, mchana au jioni. Kwenye tangazo la karatasi chora saa na mishale yake. Mshale kila mtu anausoma namna moja.

2. Mwombe uliyemwagiza arudie kwa maneno yake mwenyewe. "Umeelewa?" haitoshi, maana kila mtu hujibu "ndiyo".

3. Kazi ikiharibika, muulize mwenzako faraghani kabla ya kumpeleka kwa mkubwa. Mwulize: "Ulielewaje?"

4. Ukiona umedharauliwa, sema siku hiyo hiyo, kwa upole. Mimi nilinyamaza siku tatu, na hazikunifaa kitu.

Siwaambii kwamba dharau haipo. Ipo, na ikionekana isemwe. Lakini tusiiite dharau kabla hatujauliza. Kuuliza si ujinga.

Msimamizi yule na mimi tuliendelea na kazi. Mpaka leo akiniagiza jambo, ananyoosha mkono kuonyesha jua litakapokuwa, nami nanyoosha wangu.