Ufunguo Kabla ya Kufuli: Kulinda Seva Isiyo na Skrini, Arua hadi Koboko

Hotuba ya ofisi ya uhusiano wa polisi na umma mbele ya wasimamizi wa kompyuta wa shule, vituo vya afya na vyama vya akiba na mikopo. Amri zimechapwa kama zilivyoonyeshwa ubaoni.



Huenda wapo miongoni mwenu wanaojiuliza polisi wana shughuli gani na kompyuta. Zamani mwizi wa fedha za chama alivunja dirisha la ofisi, nasi tulifika kutazama nyayo. Leo daftari la chama limo ndani ya seva, na mwizi huyo anaweza kuwa ng'ambo ya bahari. Mwezi Oktoba 2020 wahalifu waliingia katika mfumo wa kampuni ya Pegasus Technologies, iliyokuwa ikiunganisha benki na huduma za fedha kwa simu hapa Uganda. Benki na kampuni za simu zililazimika kusimamisha uhamishaji wa fedha baina yao, na mwananchi asiyewahi kusikia jina la kampuni hiyo akakuta fedha zake hazisogei. Kwa hiyo ulinzi wa seva ni ulinzi wa raia, na ulinzi wa raia ndio kazi yetu.

Leo tunazungumzia jambo moja tu: namna ya kuweka ukuta wa kinga, uitwao faiwoli, katika seva isiyo na skrini wala kibodi. Seva za namna hiyo zimeanza kuwa nyingi mkoani kwetu. Kisanduku kimewekwa ndani ya kabati huko Koboko, kikitunza akiba za wanachama au kadi za wagonjwa. Msimamizi wake yuko Arua, zaidi ya kilomita 50 kwa barabara, na humfikia kwa kuandika amri kupitia SSH. Njia hiyo ya SSH ni kama kamba ya ndoo kisimani. Ikikatika, maji yapo, ndoo ipo, lakini mkono haufiki.

Hapo ndipo penye tatizo tunalotaka kulitaja waziwazi. Tunapouliza kwa nini seva fulani haikuwa na ukuta, jibu tunalolisikia ni hofu kuliko uvivu. Msimamizi anajua kwamba amri moja iliyotangulia mahali pasipo pake itafunga milango yote, pamoja na ule anaopitia yeye mwenyewe. Atalazimika kupanda gari hadi Koboko, huku wanachama wamepanga mstari na mhasibu hana la kuwaambia. Basi anaahirisha. Wiki inakuwa mwezi, mwezi unakuwa mwaka, na seva inaendelea kukaa wazi mbele ya dunia nzima. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunasema hofu hiyo ina dawa, nayo ni mpangilio wa hatua.

Hatua ya kwanza ni kujua milango iliyo wazi.

sudo ss -tulpn

Amri hii huorodhesha programu zinazosikiliza pamoja na poti zake. Poti ya 22 kwa kawaida ni ya SSH. 80 na 443 ni za tovuti. 3306 ni ya hifadhidata ya MySQL. 5432 ni ya PostgreSQL. Anwani ya 127.0.0.1 maana yake programu inasikiliza ndani ya seva yenyewe tu, na 0.0.0.0 maana yake inasikiliza kila upande. Kila poti iulizwe kama mwenyekiti wa LC1 anavyomuuliza mgeni kijijini: u nani, umekuja kwa nani, na una kazi gani? Programu isiyo na jibu izimwe kabisa. Mwezi Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilienea katika nchi nyingi kwa kupitia poti ya 445, na hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu ya wagonjwa. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa kiraka tangu mwezi Machi mwaka huohuo. Walioumia wengi ni wale ambao hawakukiweka na ambao mlango wao ulikuwa wazi.

Hatua ya pili ni kuweka ufunguo mfukoni kabla ya kugusa kufuli. Katika seva za Ubuntu, chombo chepesi cha kazi hii ni ufw. Andikeni kwanza ruhusa, kisha katazo:

sudo ufw limit 22/tcp
sudo ufw allow 443/tcp
sudo ufw default deny incoming
sudo ufw default allow outgoing

Mstari wa kwanza unaruhusu SSH, lakini unaikataa kwa muda anwani yoyote inayojaribu kuingia mara 6 au zaidi ndani ya sekunde 30, kama wafanyavyo wanaobahatisha nywila. Mstari wa pili unafungua tovuti. Wa tatu unakataza mengine yote yanayotoka nje, na wa nne unaiacha seva ifuate masasisho yake. Hifadhidata haikutajwa, kwa hiyo itafungwa kwa walio nje, na ndivyo inavyotakiwa. Ikiwa SSH yenu imehamishiwa poti nyingine, ruhusuni hiyo badala ya 22. Hatua ya kwanza ilikwisha kuwaonyesha. Ukuta bado haujawashwa, kwa hiyo kuna nafasi ya kusahihisha. Hakikini mliyoandika kwa amri hii:

sudo ufw show added

Wapo watakaopenda kuruhusu SSH kutoka anwani ya ofisi yao ya Arua pekee. Ni jambo jema ikiwa anwani hiyo ni ya kudumu. Lakini modemu za laini za simu hubadilishiwa anwani mara kwa mara, na anwani ya leo ikibadilika kesho, mwenye nyumba anakuwa mgeni. Wenye laini za namna hiyo watumie ufunguo wa SSH badala ya nywila, na waache kanuni ya limit ifanye kazi yake.

Hatua ya tatu ni kuweka mlinzi wa dharura. Kabla ya kuwasha ukuta, iagizeni seva iuzime yenyewe baada ya dakika 10:

echo "/usr/sbin/ufw disable" | sudo at now + 10 minutes
sudo ufw enable

Kama programu ya at haimo, iwekwe kwanza kwa sudo apt install at. Mtakapoamuru enable, seva itawaonya kwamba miunganisho ya SSH huenda ikavurugika, na itauliza kama mwendelee. Sasa mnaweza kujibu ndiyo bila moyo kudunda. Mkiwa mmekosea, subirini dakika 10, ukuta utazimika, nanyi mtaingia tena bila kupanda gari.

Hatua ya nne ndiyo inayosahaulika. Baada ya kuwasha ukuta, dirisha la SSH mlilokuwa mkilitumia huendelea kufanya kazi, nanyi mnaweza kudhani mambo ni salama. Dirisha hilo si shahidi wa kuaminika. Ukuta wa ufw huwaacha walioingia tayari waendelee na mazungumzo yao. Anayepimwa ni anayebisha hodi upya. Kwa hiyo msilifunge dirisha la zamani. Fungueni la pili na mjaribu kuingia upya. Kisha, kwa kompyuta iliyo kwenye mtandao mwingine, jaribuni kuifikia poti ya hifadhidata, mkahakikishe kwamba imefungwa. Jaribio hili la nje ni la lazima kwa wanaotumia Docker, kwa sababu poti zinazotangazwa na Docker huweza kuupita ukuta wa ufw pembeni. Vyote vikiwa sawa, mlinzi wa dharura aondolewe:

sudo atq
sudo atrm 1

Namba 1 hapa ni ya mfano; andikeni ile mtakayoonyeshwa na atq. Msipomwondoa mlinzi huyo, atauzima ukuta wenu mkiwa mmekwisha kwenda kunywa chai.

Hatua ya tano inahusu umeme. Kwa miaka mingi mkoa huu ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukitegemea mtambo wa maji wa Nyagak na majenereta, na sote tunajua maana ya seva kuzimika ghafla. Ukuta wa ufw ukishawashwa hurudi wenyewe seva inapowaka tena. Lakini kanuni za iptables zilizoandikwa kwa mkono hukaa katika kumbukumbu ya muda tu. Zisipohifadhiwa, umeme ukikatika hupotea, na seva huamka ikiwa uchi bila kumwambia mtu. Basi izimeni na kuiwasha seva mara moja kwa makusudi, siku ambayo mtu wenu yupo Koboko karibu na kabati, kisha mtazame:

sudo ufw status verbose

Hatua ya sita ni ya binadamu. Tarehe 4 Oktoba 2021, amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata uti wa mgongo wa mtandao wa Facebook. Huduma zake, pamoja na WhatsApp, zilipotea duniani kote kwa takriban saa sita. Mafundi hawakuweza kurekebisha kwa mbali, kwani vyombo vyao vya kurekebishia vilitegemea mtandao uleule uliokatika. Ikabidi watu waende wenyewe hadi kwenye majengo ya mitambo. Kampuni kubwa kiasi hicho ilihitaji mtu wa kusimama mbele ya kabati. SACCO yetu ya Koboko itamhitaji pia. Awepo mtu wa pili anayeaminika na aliyefundishwa. Ziwepo skrini na kibodi za akiba katika ofisi hiyo. Iwepo bahasha iliyofungwa kwa lakiri yenye maelezo ya kuingia, na itunzwe na mwenyekiti ndani ya sanduku la chuma. Elimu ya seva ikikaa kichwani mwa mtu mmoja, ugonjwa wa mtu huyo ni ugonjwa wa chama kizima.

Mwisho, tunazungumza kama polisi. Washeni kumbukumbu za ukuta kwa sudo ufw logging on, na mhakikishe saa ya seva ni sahihi kwa timedatectl, kwa sababu ushahidi wenye saa mbovu ni kama shahidi anayesahau siku. Mkigundua kwamba mtu ameingia, msiharakishe kufuta seva na kuanza upya. Itengeni na mtandao, nakilini faili la /var/log/ufw.log pamoja na kumbukumbu nyingine, andikeni nani alifanya nini na saa ngapi, kisha mje kituoni. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inatupa uwezo wa kumfuata anayeingia pasipo ruhusa. Lakini bila kumbukumbu tunabaki kutazama nyayo zilizofagiliwa.

Nanyi pia mna wajibu. Sheria ya Ulinzi na Faragha ya Data ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde ipasavyo, na zikiingiliwa aiarifu mara moja mamlaka husika, yaani Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi. Kunyamaza ili kuficha aibu kunamwacha mwizi huru na mwenye mali gizani.

Ndugu zetu, mama anayeuza samaki sokoni Koboko hataijua kamwe amri ya ufw. Anachojua ni kwamba alitoa shilingi zake mkononi mwa chama, na kwamba siku ya kulipa karo ya mtoto atazikuta. Hatua hizi sita hazichukui zaidi ya alasiri moja. Tunawaomba mchague alasiri hiyo ndani ya wiki hii, wawili wawili, mmoja Arua na mwenzake Koboko, simu sikioni, mkaifanye kazi hiyo. Anayekwama katika jambo la ushahidi au la sheria, milango ya vituo vyetu vya polisi iko wazi, na hiyo hatutaifunga.