Baiskeli ya umeme: je, hayo nayo ni mazoezi?

Karibu saa moja ya asubuhi, katika eneo la Edgbaston hapa Birmingham, wafanyakazi wa zamu hupishana: wengine wanatoka Hospitali ya Queen Elizabeth, wengine wanaingia. Miongoni mwao wamo watu wa kwetu, wauguzi na wahudumu. Na wapo wanaokwenda kazini kwa baiskeli ya umeme, ingawa wenzao huwacheka wakisema kwamba kazi yote inafanywa na mota.

Sheria ya Uingereza yasema vingine. Baiskeli hiyo sharti iwe na pedali, mota yake isizidi wati 250, na msaada wa umeme ukatike mwendo ufikapo kilomita 25 kwa saa. Usiilinganishe basi na pikipiki ya umeme ibebayo abiria Nairobi au Kigali, ambayo dereva wake hukaa tu. Hapa miguu hufanya kazi, japo mzigo umepunguzwa.

Je, kazi hiyo yatosha? Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Watu wazima 20, wasio na mazoea ya mazoezi, walipanda baiskeli za umeme kwenda na kurudi kazini, dakika 40 kwa siku, angalau siku 3 kwa wiki, kwa muda wa mwezi mmoja. Mwishowe uwezo wa miili yao kutumia oksijeni uliongezeka, na sukari katika damu, ilipopimwa saa mbili baada ya kunywa glukosi, ilikuwa imepungua. Naam, ni watu 20 tu, na mwezi mmoja si mwaka. Hata hivyo habari ya sukari yatugusa, kwani hapa Uingereza watu wenye asili ya Afrika wamo katika hatari kubwa zaidi ya kisukari cha aina ya pili.

Edgbaston ina njia nzuri: ukingo wa mfereji wa Worcester na Birmingham ni tambarare, na kando ya Bristol Road ipo njia ya baiskeli iliyotengwa na magari, iliyofunguliwa mwaka 2019. Lakini kutoka bonde la mto Rea kuna miinuko, na mtu wa miaka 50 aliyesimama wodini kwa muda wa saa 12 hatamani kuipanda kwa nguvu zake pekee. Akisaidiwa na umeme, kesho yake atarudi tena barabarani.

Tatizo ni bei. Upo mpango ambao mwajiri hununua baiskeli, kisha mfanyakazi hukatwa mshahara kidogo kidogo kabla ya kodi. Ila makato hayo hayaruhusiwi kuushusha mshahara chini ya kima cha chini kilichowekwa na sheria. Hivyo mfagiaji anayelipwa kima hicho hawezi kujiunga, ilhali daktari bingwa, ambaye angeweza kuinunua kwa fedha taslimu, anapata nafuu ya kodi.