Futari ya Mheshimiwa Imetoka Mfuko Gani?

  



Kila Ramadhan kuna jambo tunaliona mitaani. Lori linakuja, linasimama karibu na msikiti, linashusha unga, sukari, mchele na tende. Kila pakiti imebandikwa picha ya mheshimiwa anatabasamu. Akina mama wamepanga laini tangu saa nane mchana na saumu zao, picha zinapigwa, halafu mtu anashika kipaza sauti anasema, "Mheshimiwa amewakumbuka!" Na sisi tunampigia makofi.

Sikuja kuwaambia msipokee. Mwenye njaa akipewa chakula na ale, na anayetoa kwa ajili ya Allah, malipo yake yako kwa Allah. Nataka tuulizane swali moja tu: futari ile imetoka mfuko gani?

Kwa maana mifuko iko mitatu. Kuna mfuko wa mtu mwenyewe, aliouchuma kwa jasho lake. Akitoa humo, hiyo ni sadaka. Kuna mfuko wa zaka. Hiyo si hisani ya mtu, ni haki ya maskini iliyokuwa imekaa kwa tajiri. Na kuna mfuko wa umma, yaani kodi. Hizo ni pesa zako wewe uliyepanga laini. Ukichanganya mifuko hii mitatu, utamshukuru mtu kwa kukurudishia kilicho chako, tena kidogo, na kile kingi kilichobaki hutakiuliza.

Najua kijana mmoja pale nyuma anasema moyoni, "Mimi sijaandikwa kazi, nasukuma mkokoteni tu, kodi nalipa wapi?" Ndugu yangu, unalipa kila siku. Ukinunua sukari ya uji wa futari, mafuta ya kupikia na sabuni, jumla shilingi 1,160, ujue karibu shilingi 160 humo ni VAT, kwa sababu kiwango chake ni asilimia 16. Ukipanda matatu, ndani ya nauli kuna kodi ya mafuta, ambayo Julai 2023 ilitoka asilimia 8 ikawa 16. Ukituma pesa kwa simu, katika ile ada kuna ushuru. Hakuna maskini asiyelipa kodi Kenya. Kuna maskini asiyepewa risiti tu.

Sasa tazama mzigo wenyewe ulivyo. Mama anayeuza maandazi kwenye stage na bwana mwenye magorofa, wote wakinunua mche mmoja wa sabuni wanatozwa sawasawa. Kwa yule bwana ni vumbi. Kwa mama ni nauli ya mtoto kwenda shule. Kodi ya dukani haiulizi mtu ana kiasi gani, na ndiyo sababu inamuuma zaidi asiye nacho.

Chukua mafuta ya taa. Septemba 2018 uliwekwa ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita, kwa sababu kuna wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Sawa, uovu lazima uzuiwe. Lakini aliyechanganya ni mwenye tangi, na aliyelipa ni mama wa Viwandani mwenye stovu ya utambi.

Halafu linganisha na upande wa juu. VAT ilianza kutozwa Kenya mwaka 1990. Lakini kodi ya faida ya kuuza ardhi na majumba ilikuwa imesimamishwa mwaka 1985, na haikurudi mpaka Januari 2015, tena kwa asilimia 5 tu. Ikafika 15 mwaka 2023. Yaani kwa karibu miaka 30, mtu aliweza kupata kiwanja kwa bei ya chini, akakiuza kwa mamilioni, na faida ile isiguswe na kodi hiyo, wakati muuza maandazi analipia kila kipande cha sabuni. Na wabunge wetu je? Kabla ya Katiba ya 2010, mbunge alikuwa akipokea kama shilingi 851,000 kwa mwezi, na iliyokatwa kodi ni 200,000 ya mshahara tu. Zilizobaki ziliitwa marupurupu. Wanaotunga sheria ya kodi walikuwa wamejitoa wenyewe humo!

Katiba ikaja ikasema, kifungu cha 201, kwamba mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Na kifungu cha 210 kikakataza sheria yoyote ya kumsamehe afisa wa dola kodi kwa sababu ya cheo chake. Wenye Qur'ani hawakushangaa. Suratul Hashr, aya ya 7, inatufundisha kuwa mali ya umma hugawiwa wenye haki nayo ili isibaki ikizunguka kwa matajiri peke yao. Somo hilo lina zaidi ya miaka 1,400.

Ndugu zangu, jambo hili si la vitabuni tu. Mji huu wa Nairobi ushamwaga damu kwa ajili ya kodi. Tarehe 16 Machi 1922 watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku aachiliwe. Kosa lake lilikuwa kupinga kipande, kodi ya nyumba na kukatwa kwa mishahara ya Waafrika. Wakapigwa risasi. Miaka 102 baadaye, tarehe 25 Juni 2024, vijana wa umri wenu waliingia barabarani kwa sababu Mswada wa Fedha ulitaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16 na mafuta ya kupikia ushuru wa asilimia 25. Wako waliouawa, na wazazi wao wapo. Kesho yake Rais akasema hatausaini. Lakini Desemba mwaka huo huo sheria nyingine ya kodi ilipitishwa na baadhi ya yale yakarudi, na safari hii wengi hawakuwa wakitazama. Hapo pana funzo: atakayelinda mfuko wa umma si yule mwenye hasira ya siku moja, ni yule anayefuatilia mwaka mzima.

Na umaskini si maneno ya hotuba. Tarehe 12 Septemba 2011, pale Sinai karibu na Lunga Lunga, bomba la mafuta lilivuja, watu wakakimbilia petroli na ndoo na vibuyu, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Wengi waliwalaumu marehemu. Lakini mtu aliyeshiba, mwenye nyumba pahali salama, hakimbilii petroli na ndoo. Allah awarehemu.

Sasa mwanasiasa kazi yake ni nini? Kwa mujibu wa sheria, mbunge ana kazi tatu: kutuwakilisha, kutunga sheria, na kuichunga serikali isile pesa zetu. Hakuna ya nne inayoitwa kugawa unga.

Mwaka 2003 ilipitishwa sheria ya CDF, ikatenga asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali iende kwenye maeneo ya bunge. Angalieni, 2.5 ndicho kiwango cha zaka ya fedha! Madarasa yamejengwa, watoto wamepata basari, hatukatai. Lakini watu wakaanza kusema "basari ya mheshimiwa", "darasa la mheshimiwa", na jina lake likachorwa ukutani. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilisema sheria ya CDF ya mwaka 2013 inakwenda kinyume na Katiba, na moja ya sababu ni hiyo: anayepaswa kukagua matumizi hawezi kuwa ndiye mtumiaji. Shahidi na mshtakiwa hawawi mtu mmoja.

Hapa kwetu tuna mfano. Septemba 2010 Makadara ilimpeleka bungeni Mike Sonko. Baadaye alikuwa na kikosi chake cha Sonko Rescue Team, chenye ambulensi na magari ya maji na ya mazishi. Wengi walisaidika, na mwenye kusaidika ana haki ya kushukuru. Mwaka 2017 akawa gavana, na Desemba 2020 Seneti ikamwondoa kwa tuhuma alizozikana. Mimi simhukumu. Lakini Katiba, Jedwali la Nne, imetaja huduma ya ambulensi kwa jina kuwa ni kazi ya kaunti. Ambulensi ya kaunti ni haki yako, awe gavana fulani au mwingine. Ambulensi ya mtu ni hisani, na hisani huondoka na mwenyewe.

Tumewasikia masahaba walivyofanya. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alitembea usiku nje ya Madina, akakuta mama amebandika chungu, watoto wanalia njaa, na chunguni hamna chakula. Akarudi kwenye ghala ya umma, akajitwika gunia la unga mgongoni. Mtumishi wake alipotaka kumpokea alikataa, akamuuliza kama atambebea mzigo wake Siku ya Kiyama. Akapika, watoto wakala, na yule mama hakumjua ni nani. Unga ulikuwa wa umma, na Umar aliuona ni deni lake. Leo unga huo huo ungebandikwa picha.

Na Mtume (S.A.W.) alipomtuma mtu wa kabila la Azd kukusanya zaka, akarudi anasema hiki chenu na hiki nimezawadiwa mimi, Mtume alisimama mbele za watu akauliza: angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, zawadi hiyo ingemfikia? Swali hili tuwaulize viongozi wetu wote. Kabla ya kiti ulikuwa na nini, na baada ya kiti una nini?

Lakini tusiwaseme wao tu. Sisi tuna methali yetu, mkono mtupu haulambwi, na tumeigeuza kuwa sheria ya uchaguzi. Mtu anapewa 200 usiku wa kuamkia kura. Piga hesabu: miaka mitano ni siku 1,825. Hiyo 200 ni kama senti 11 kwa siku. Umeuza kliniki, taa za mtaa na maji ya mfereji kwa senti 11 kwa siku, halafu unashangaa taka hazizolewi!

Basi tufanye nini? Nina mambo manne.

Kwanza, tutoe zaka kwa hesabu. Mwenye akiba iliyofikia thamani ya gramu 85 za dhahabu na ikapitiwa na mwaka, atoe asilimia 2.5. Zakatul fitri itoke kabla ya sala ya Idd. Na kamati zetu za misikiti zisome hesabu hadharani, kilichoingia na kilichotoka. Hatuwezi kumdai mheshimiwa hesabu ambazo sisi wenyewe tunaficha.

Pili, tujue mlango wa kubisha. Zahanati, taka, soko, chekechea na taa za barabarani ni za kaunti; muulize MCA wako. Madarasa ya msingi na sekondari na basari za CDF, muulize mbunge na kamati yake, na uombe orodha ya miradi na pesa zake. Usimlaumu mtu kwa kazi isiyo yake, wala usimwachie iliyo yake.

Tatu, tuhudhurie. Vifungu vya 118 na 196 vya Katiba vinalitaka bunge na kaunti kuwashirikisha wananchi. Mswada wa Fedha hufika bungeni kabla ya Mei na hupitishwa ifikapo mwisho wa Juni. Vijana mliosoma, usomeni, mueleze wazee na akina mama kwa lugha wanayoielewa, muandike maoni mpeleke. Hilo ni amri ya mema na katazo la maovu.

Nne, tuwe wakweli sisi wenyewe. Mwenye duka asifiche kodi kwa kisingizio kwamba wakubwa wanaiba. Wizi wa mkubwa haumhalalishii mdogo. Usitoe kitu kidogo, usipokee kitu kidogo. Suratul Baqara, aya ya 188, inakataza kula mali kwa batili na kuipeleka kwa mahakimu ili tule mali za watu tukijua.

Na wewe mheshimiwa, kama gazeti hili limekufikia: ukitaka kutufuturisha, karibu, keti nasi kwenye mkeka. Toa mfukoni mwako, uache picha nyumbani, kwa maana Allah ameonya kuwa sadaka huharibiwa na masimbulizi. Na zile za umma tuletee zikiwa na hesabu yake. Kwa hizo hatutakupigia makofi. Tutakuombea dua, kwa sababu amana ni nzito na utaulizwa.

Ewe Mola, tupe viongozi wanaokuogopa, tupe rizki ya halali, uwarehemu waliotangulia, na utukubalie saumu zetu. Amin.