Sheria za Elimu na Mwanafunzi Aliye Mtu Mzima
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Soweto, Moshi



Jioni hii wengi wenu mmetoka kazini moja kwa moja wala hamjapita nyumbani. Jambo tulilopewa kulieleza ni sheria za nchi zinazomsaidia mwanafunzi wa chuo, na hasa mwanafunzi aliye mzazi, au aliyerudi masomoni akiwa mtu mzima. Tumeona ni vema tulieleze kama makarani tuandikavyo hesabu: kwanza kilichopokewa, kisha kinachopungua, halafu la kufanya.

Jambo hili si geni kwa watu wa kazi yetu. Mwaka 1922, huko Tanga, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika. Hawakuwa watoto wa shule. Walikuwa watu wa kazi, nao walitaka kuendelea. Hapa mlimani nako wazee wetu walianzisha chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, kikafuatwa na K.N.C.U. mwaka 1933, na fedha ya kahawa ikalipa karo za vijana wengi. Lakini kihamba kilimsomesha mtoto. Mtu aliyekwisha kuwa baba au mama hakusomeshwa na kihamba. Yeye alitakiwa asomeshe wengine. Na hivyo ndivyo tulivyo wengi wetu tulioketi humu.

Basi tuanze na kilichopokewa, maana si haki kulalamika kabla ya kushukuru.

Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwezi wa Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma, lililotaka kijana amalizapo shule afanye kazi kwanza, apate na sifa njema za kazini, ndipo aingie Chuo Kikuu. Tafakarini jambo hili, ndugu. Palikuwa na wakati katika nchi hii ambapo mtu aliyetoka kazini ndiye aliyehesabiwa kuwa mwanafunzi hasa. Hata hivyo idadi ya wanawake ilishuka, kwa kuwa miaka ya kungoja ndiyo miaka ya ndoa na uzazi, na baada ya muda mfupi wanawake wakaondolewa sharti lile. Twajifunza hapa kwamba sharti moja likiwekwa sawasawa kwa wote, haliwaangukii wote sawasawa.

Mwaka 1975, kwa Sheria Na. 12, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilipata msingi wake wa kisheria. Hata leo mtu ambaye hakupita sekondari ya kawaida aweza kufanya Mtihani wa Maarifa, kisha akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwaka 1992, kwa Sheria Na. 17, kilianzishwa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho mtu husoma huku yu kazini kwake. Na hapa Moshi penyewe, Chuo cha Ushirika kilianzishwa mwaka 1963 kuwafundisha watumishi wa vyama vya ushirika, nacho tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu kamili.

Habari za mzazi mwanafunzi zimechelewa zaidi. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe shule kwa kuoa au kuolewa, na kwa kosa dhidi ya maadili. Na kwa njia hiyo wasichana wengi waliopata mimba waliondolewa. Mwezi wa Juni 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba msichana aliyezaa hatarudi katika shule ya Serikali. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, na waliojifungua wakiwamo, waweza kurudi. Msichana aliyerudi mwaka ule na akafaulu, leo ni mwanafunzi wa chuo, au yu karibu kuwa, naye ana mtoto. Basi jambo la mzazi mwanafunzi limeondoka shuleni, limepanda chuoni.

Mwisho wa yaliyopokewa ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004. Mkopo wake husaidia chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Mwaka 2022 fungu la chakula na malazi lilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Mwaka 2021 ziliondolewa tozo mbili zilizokuwa zikivimbisha deni: ile ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, na adhabu ya asilimia 10. Wengi humu twaujua uzito wa deni lile, kwa kuwa tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Mwenye mshahara wa shilingi 600,000 huacha 90,000 kila mwezi. Hatulinung'unikii deni, maana tulikopa tukasoma.

Sasa tutazame kinachopungua.

Masharti ya kuomba mkopo hutolewa katika mwongozo kila mwaka. Katika miongozo ya miaka ya karibuni, kama ule wa mwaka wa masomo 2023/2024, tulisoma masharti matatu yatuhusuyo: mwombaji asizidi umri wa miaka 35, awe amemaliza kidato cha sita au stashahada katika miaka 5 iliyotangulia, tena asiwe na ajira wala mkataba wa kumpatia kipato. Mwenzetu mmoja aliyesomea stashahada kwa jioni na Jumamosi, akalea watoto watatu, akapata nafasi chuoni akiwa na miaka 36, alisoma ukurasa ule mara mbili, akaukunja, akautia mfukoni. Darasa limefunguliwa kwa mtu mzima, lakini mkoba haujafunguliwa.

Sababu za masharti haya twazijua, wala si za kudharauliwa. Fedha ni chache na vijana ni wengi. Hupasemwa pia, Samaki mkunje angali mbichi. Tena husemwa kwamba mtu mzima hana miaka ya kutosha ya kulipa, na mwenye mshahara ajisomeshe.

Tujibu kwa hesabu. Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Aanzaye shahada ya miaka mitatu akiwa na 36 humaliza na 39, naye amebakiwa na miaka 21 ya kukatwa mshahara. Tena mkopaji gani aliye rahisi kumpata kuliko mtumishi? Jina lake limo katika orodha ya mishahara, na sheria yenyewe imemlazimisha mwajiri kukata na kupeleka. Kijana aliyemaliza hana kazi hutafutwa mtaani. Sisi tunajulikana tulipo kila siku ya kazi. Ama kuhusu mshahara, karani anayelipa kodi ya nyumba na karo za watoto, na pengine makato ya mkopo wa kwanza, hana akiba ya kulipia ada ya chuo kwa mkupuo.

Na mzazi je? Shilingi 10,000 ni ya tumbo moja. Mama mwanafunzi mwenye mtoto mchanga hupewa fungu lile lile. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, humpa mfanyakazi siku 84 za likizo ya uzazi, na 100 akizaa watoto zaidi ya mmoja, tena hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Lakini sheria ile husema juu ya mfanyakazi, si juu ya mwanafunzi. Mama yule yule akiwa ofisini analindwa. Akiingia darasani ulinzi ule humwacha mlangoni.

Nchi nyingine zimelitazamaje jambo hili? Marekani ilipitisha sheria mwaka 1944 kuwasomesha askari waliorudi vitani, watu wazima wenye wake na watoto. Sheria ile hapo mwanzo ilimpa askari asiye na wategemezi dola 50 kwa mwezi, na mwenye wategemezi dola 75. Walitambua kwamba mwanafunzi mwenye watoto hali chakula peke yake. Lakini tusiisifu kupita kiasi, kwa kuwa askari wengi weusi walinyimwa faida yake, vyuo vingi vikiwa vimefungwa kwao. Mwaka 2022 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuwapa wanafunzi wazazi katika vyuo vyake vingi vya umma nafasi ya kutangulia kujiandikisha vipindi, ili wachague saa zinazopatana na malezi. Jambo hili la pili halikuhitaji fedha nyingi. Lilihitaji mtu kukumbuka kwamba mtoto hutolewa shuleni kwa saa yake.

Basi tufanye nini? Tunaleta mambo matatu, nanyi mtayaamua.

La kwanza, chama kiandike barua kwa adabu kwa Bodi na kwa Wizara, kuomba mtumishi aliye kazini aruhusiwe kukopa ada peke yake, bila fungu la chakula, akatwe tangu mwezi wa kwanza wa masomo. Na sharti la umri na lile la miaka 5 lilegezwe kwake, na kwa mama aliyechelewa kwa ajili ya uzazi. Mwongozo hutolewa kila mwaka, kwa hiyo kila mwaka pana nafasi ya kuusahihisha. Barua iwe na hesabu, isiwe na manung'uniko.

La pili, tuanzishe mfuko wetu. Tukiwa wanachama 40, kila mmoja akatoa shilingi 5,000 kwa mwezi, kwa mwaka tutakuwa na shilingi 2,400,000. Haitasomesha watu kumi, lakini italipa ada za mitihani na maandikisho, mahali ambapo wengi hukwama. Atakayesaidiwa arudishe, ili na mwingine asaidiwe.

La tatu halina gharama. Siku za mitihani, chumba hiki kiwe mahali pa kuwaacha watoto wa wanachama wanaotahiniwa, na sisi wanaume tushike zamu pamoja na akina mama. Wazee walisema Mkono mmoja haulei mwana, wala hawakusema mkono ule uwe wa mwanamke peke yake. Tukiiomba Serikali imkumbuke mzazi mwanafunzi, na sisi wenyewe tumemsahau, barua yetu itakuwa karatasi tupu.

Yule mwenzetu aliyeukunja ukurasa akautia mfukoni yumo humu jioni hii. Hakututuma tumtaje, wala hatutamtaja. Twasema tu kwamba barua ya nafasi yake chuoni ina tarehe ya mwisho ya kujibu, na tarehe hiyo haijapita.