Ugonjwa wa Mimea Haujui Mpaka wa Shamba



Nimeombwa niseme juu ya magonjwa ya mimea yanayoletwa na wadudu. Mimi si mtaalamu wa kilimo, kazi yangu ni vikundi. Lakini jambo hili limeingia katika vikundi vyetu kwa mlango wa nyuma. Mazao yakikauka, mkopo haulipwi. Mkopo usipolipwa, watu huanza kuangaliana vibaya. Mmoja atasema mbegu ilikuwa mbaya, mwingine atasema udongo umechoka, na wa tatu atanong'ona kwamba jirani ana jicho baya. Basi kabla hatujamshtaki jirani, tumwangalie mdudu.

Nitaanza na karoti, kwa sababu karoti iliwasaidia wataalamu kufumbua fumbo kubwa. Mwaka 1948 mtafiti wa Australia aitwaye Stubbs alieleza ugonjwa mpya wa karoti. Majani yanageuka manjano na mekundu, mmea unadumaa, na karoti yenyewe inabaki ndogo. Ukiuona utadhani shamba limekosa mbolea, kumbe ugonjwa umeletwa na kidukari. Huyu ni ndugu wa wale vijidudu mnaowakuta chini ya majani ya sukuma wiki. Kidukari ana mrija mwembamba kama sindano, anaudunga kwenye mmea na kufyonza utomvu. Akitoka kwa mmea mgonjwa akaenda kwa mzima, ni kama sindano moja kudunga watu wawili. Hatari ya jambo hilo sote twaijua.

Mwaka 1964 huko Uingereza, Marion Watson na wenzake walionyesha kwamba ugonjwa ule haukuwa mmoja. Ulikuwa virusi vya aina mbili. Aina ya kwanza, kidukari anaibeba bila shida. Aina ya pili, ikiwa peke yake ndani ya karoti, hawezi kuibeba hata afyonze mchana kutwa. Lakini zote mbili zikikaa ndani ya karoti moja, anazibeba pamoja. Ajabu, ama sivyo? Baadaye sababu ilijulikana: ile aina ya pili haina koti lake. Inaazima koti la mwenzake, halafu inapanda gari. Na gari lenyewe ni kidukari.

Sasa mtaniuliza, karoti za ng'ambo zinatuhusu nini sisi watu wa mahindi? Zinatuhusu sana. Mwaka 2011 kule Longisa, Bomet, wakulima waliona mahindi yakikauka kwa namna wasiyoijua. Ndio ugonjwa tunaouita MLN. Huo nao ni virusi vya aina mbili vinavyokutana katika mmea mmoja, ingawa hapa kila aina ina gari lake. Moja hubebwa na vidukari, nyingine na thripsi, vile vidudu vyembamba sana, pamoja na mbawakawa fulani. Zikikutana, majani hukauka kuanzia pembeni, na gunzi hutoka na punje chache au bila punje.

Tunajifunza nini basi?

Kwanza, tusitegemee dawa ya kunyunyizia peke yake. Kuna virusi ambavyo kidukari huvichukua na kuvipeleka kwa mmea mwingine kwa dakika chache tu. Dawa inamuua akiwa amekwisha maliza kazi yake. Na mmea ukishaingiwa na virusi, hakuna dawa ya kuuponya.

Pili, tuangalie mabaki shambani. Utafiti uliofanywa katika bonde la Salinas, California, na kuchapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba ugonjwa wa karoti ulitoka hasa katika karoti za msimu uliopita zilizobaki ardhini. Kwa mahindi ni vivyo hivyo. Ukipanda mahindi juu ya mahindi, msimu baada ya msimu, ugonjwa haukosi pa kulala. Badilisheni: pandeni maharagwe, viazi au mboga. Tumieni mbegu zilizothibitishwa, maana MLN hupitia kwenye mbegu pia. Tangu mwaka 2013 kuna kituo Naivasha kinachopima mahindi yanayostahimili ugonjwa huu. Mwulizeni afisa wa kilimo ni mbegu zipi zinafaa kwenu.

Tatu, mmea mgonjwa ung'olewe mapema. Hapa, ndugu zangu, ndipo penye ugumu. Mama ana robo ekari na watoto wa shule. Unamwambia ang'oe mahindi ambayo bado anatumaini yatampa hata gorogoro moja. Atakataa, nami simlaumu. Lakini asipong'oa, mdudu ataruka ua. Mdudu hajui hapa ni kwa Mama Wanjiru na pale ni kwa Mzee Kiprono.

Ndiyo maana nasema jambo hili ni la kikundi, si la mtu mmoja. Kabla mvua haijaanza, kaeni chini mkubaliane. Pandeni siku zinazokaribiana. Acheni angalau miezi miwili eneo lenu likae bila mahindi. Chagueni watu wawili wa kuzunguka mashamba kila wiki. Tena wekeni kitu kidogo katika mfuko wa kikundi, ili atakayeng'oa apewe mbegu za maharagwe apande pale pale. Mimea aliyong'oa ikiwa mibichi na haijaoza, ng'ombe atakula. Yenye ukungu isiliwe na mtu wala mnyama.

Kilo chache za maharagwe ni rahisi kuliko mikopo ya wanachama ishirini isiyolipika.

Nawaachia swali la kujadili mkirudi nyumbani: katika kikundi chenu, anayeng'oa mazao yake ili kuwaokoa wenzake atasaidiwa na nani? Mkipata jibu, liandikeni katika kitabu cha kumbukumbu kabla ya kupanda.