Barua Yako na Njia ya Ofisi

Somo letu la leo ni juu ya barua pepe ya mtu binafsi na mtandao wa mahali pa kazi.

Mwaka 1871 Bwana Stanley alikuta Kwihara, karibu na Tabora, mfuko wa barua za Dr. Livingstone wenye tarehe 1 Novemba, 1870. Miezi mingi ilikuwa imepita, na barua hazijamfikia mwenyewe. Barua zilikuwa zake, bali njia haikuwa yake. Ilikuwa ya wenye misafara, na mwaka ule vita baina ya Mirambo na Waarabu viliifunga.

Basi yashikeni maneno mawili: barua na njia. Barua pepe yako ni yako, na Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inayapa heshima mawasiliano ya mtu binafsi. Lakini kompyuta na mtandao wa ofisi ni njia ya mwajiri, naye anaweza kuweka mlinzi.

Tumchukue karani anayengoja barua ya kuitwa kwenye usaili. Akifungua barua pepe yake ofisini, kompyuta yamwambia kwamba ukurasa umezuiwa. Kwa nini? Kila ombi litokalo katika kompyuta hupita mbele ya mlinzi, yaani programu inayotazama unakokwenda. Kuzuia kuna sababu. Faili moja la ulaghai likifunguliwa laweza kuleta virusi katika kompyuta zote. Siri za ofisi zaweza kutoka. Tena mtandao mdogo hujaa upesi.

Rafiki atamnong'oneza: "Tumia VPN." Hiyo ni kama kuchimba shimo chini ya ua ili mlinzi asione uendako. Haifai. Shimo hilo hupitisha na wezi, na karani aweza kupoteza kazi aliyo nayo kabla ya kupata nyingine. Tena mwenye VPN ya bure ndiye huwa mlinzi wako mpya, nawe humjui. Kadhalika, Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka wanaotumia VPN kwa shughuli zao watoe taarifa kwake.

Afanye nini basi?

Kwanza, wakati wa mapumziko atumie simu yake na bando lake, si Wi-Fi ya ofisi. Hapo njia nayo ni yake.

Pili, kama hana simu ya intaneti, amwombe mkuu wake ruhusa waziwazi.

Tatu, akiruhusiwa kutumia kompyuta ya ofisi, asiiache ihifadhi nywila yake, na amalizapo atoke kabisa katika akaunti. Asidhani kwamba alama ya kufuli inamficha. Kufuli hufunga maneno ya barua yakiwa njiani, lakini mlinzi aweza kujua umekwenda wapi, na kompyuta yenyewe yaweza kuwekewa programu inayoandika kila herufi unayopiga.

Nne, mambo yake asiyaandikie anwani ya ofisi. Siku akiacha kazi anwani ile hufungwa, na barua zake hubaki ndani. Wala barua za kazi asizipeleke kwenye anwani yake binafsi.

Nanyi wakuu wa kazi, mkifunga njia bila kueleza sababu, mnawafundisha watu kuchimba mashimo. Andikeni kanuni, mseme ni nini kinachotazamwa na kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi halali na lililo wazi.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Mahali penu pa kazi, ni nani mwenye njia?
2. Je, kanuni zake zimeandikwa, na mmezisoma?
3. Barua ya haraka ikija leo mchana, utaipataje bila kuvunja kanuni?