Kujenga Nyumba katika Inchi Yetu Siku Hizi



Kamati ya Yubilei imetuomba tuseme maneno machache juu ya ujenzi. Sisi mafundi wa mwiko na kamba tumezoea kuitwa wakati ukuta umekwisha kupasuka. Kuitwa siku ya furaha ni jambo jipya kwetu. Tutasema basi yaliyo ya kazi yetu, na hayo tu.

Wazee walio hapa walizaliwa katika nyumba za miti na udongo, zenye paa la majani. Misioni zilileta tofali la kuchoma na manjanja. Halafu ikaja mikaratusi, na katika Masisi yote watu wakaanza kujenga kwa mbao. Leo vijana wetu wanaokwenda Goma wanarudi na habari nyingine: nyumba za etaje, kuta za vioo, nguzo za beto. Waliovuka mpaka wameona hata Kigali, ambako jumba kubwa la mikutano lenye kuba lilifunguliwa mwaka 2016 na usiku linang'aa rangi mbalimbali. Wanatuuliza: Mweso tutajenga hivyo lini?

Hatuwacheki. Mtu anayetamani nyumba nzuri hana kosa. Lakini kioo kingi katika jua huifanya nyumba kuwa tanuru, na mwenye nyumba hulazimika kununua mashini ya kuipoza, tena na umeme wa kuiendesha. Ni kununua ugonjwa pamoja na dawa yake. Afazali tuangalie kwanza mambo yaliyotokea karibu nasi.

Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo uliingia katika mji wa Goma, ukapita katikati mpaka ziwani. Hata katedrali ya Mtakatifu Yosefu iliteketea. Watu waliporudi hawakungoja shauri la mtu: walijenga juu ya lile jiwe jeusi, na wengi walijenga kwa mbao. Walikuwa na akili. Nyumba ya mbao ni nyepesi, haihitaji kuchimba msingi ndani ya mwamba, na mwenye kiwanja akikufukuza unaing'oa na kuihamisha. Ubaya wake ni moto. Katika mitaa iliyosongana, kama Birere kule Goma au Nyamugo kule Bukavu, kibatari kimoja kikianguka, majirani wengi wanalala inje.

Jiwe lile lililoharibu mji ndilo linalojenga mji. Kuta nyingi za Goma leo ni za jiwe la volkano. Na ng'ambo ya mpaka, kaskazini ya Rwanda, kuna hospitali ya Butaro, iliyofunguliwa mwaka 2011. Kuta zake ni za mawe hayo hayo ya Virunga, ambayo wakulima huyatupa pembeni ya shamba kwa sababu yanavunja majembe. Mafundi wa pale pale, wanaume kwa wanawake, waliyachonga na kuyapanga kwa uangalifu hata simenti kati ya jiwe na jiwe haionekani. Madirisha yaliwekwa makubwa, ya chini na ya juu, ili hewa yenye ugonjwa wa kifua itoke na isimrudie mgonjwa wa kitanda cha pili. Huo ndio ujenzi mpya kweli: kufikiri kwanza nani atalala ndani.

Mtu mwingine ni Francis Kéré wa Burkina Faso. Mwaka 2001 alimaliza shule katika kijiji chake cha Gando, kwa matofali ya udongo uliogandamizwa na simenti kidogo tu. Watu wa kijiji wenyewe walisaidia kujenga. Mwaka 2022 alipewa zawadi ya Pritzker, iliyo kubwa kupita zote katika kazi yetu, akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Paa lake aliliinua mbali na dari ili joto lipite. Hapa tusimwige bila kufikiri: kwake taabu ni jua, kwetu ni baridi na mvua. Ninyi mnajua namna manjanja yanavyopiga kelele hata padri anyamaze katikati ya mahubiri! Kwetu paa lishuke, litoke mbele ya ukuta kwa barza pana, na chini yake iwekwe dari. Lakini tofali lake linatufaa sana. Tofali la kuchoma linakula kuni. Kila tanuru ni miti iliyoanguka, na milima yetu ikivuliwa miti, mvua inaishusha mpaka mtoni.

Kuna jambo moja tunalolishika kwa nguvu. Siku ya Mungu, tarehe 3 Februari 2008, inchi ilitetemeka Bukavu na Rusizi, na katika Rusizi kanisa liliwaangukia watu waliokuwa wakisali. Ukuta mzito usiofungwa juu hauna rafiki wakati wa tetemeko. Ule mkanda wa beto na ferabeto unaozunguka juu ya kuta, tunaouita shenaje, si mapambo. Mtu akitaka kupunguza gharama, apunguze rangi, apunguze vioo, lakini shenaje asiiguse.

Sasa tunasikia neno ambalo wengi wanalisema kwa sauti ndogo: kujenga kwa nini, na sisi ni watu wa kukimbia? Hatuwezi kulipita. Mwezi wa Januari 2024 makombora yaliangukia nyumba za Mweso na watu walikufa. Maelfu walikimbilia hospitali. Sisi mafundi tunaona hivi: nyumba ya mtu mmoja inaweza kuwa nyepesi, mbao juu ya msingi wa mawe; mwenyewe akirudi na kukuta mbao zimechukuliwa, msingi unamngoja. Lakini nyumba ya wote, yaani kanisa, shule, hospitali, hiyo sherti iwe na kuta nene, kwa maana ndipo watu wanapokimbilia. Wengine kati yetu hawakubali. Wanasema pesa yote iende kwanza kwa wasio na paa. Neno lao ni zito, na kamati iwasikilize.

Parokia ikitupa siku moja kazi ya ukumbi, tutaomba mambo matatu: mawe kwa msingi, mashini ya mkono ya kugandamiza udongo, na vijana kumi wa kujifunza, wasichana wakiwamo. Udongo wenyewe tutaupima kwanza, maana si kila udongo unafaa: ule wenye mfinyanzi mwingi hupasuka ukikauka. Anayetaka kuona namna ya kuupima aje na chupa ya maji na konzi moja ya udongo wa kiwanja chake; tutamwonyesha nyuma ya kanisa baada ya chakula.